Kanieneo ya Hewa: Tuanze na ya Kwetu

Mwanafunzi wa Shinyanga hukariri kwamba kanieneo ya hewa, yaani mgandamizo wake, ni milimita 760 za zebaki. Hiyo ni ya usawa wa bahari. Shinyanga imeinuka zaidi ya mita 1,100, na barometa yake huonyesha karibu 665. Darasani jibu lile hupata alama zote. Angani, kudhani kwamba hewa ni moja kila mahali na kila saa huweza kuua.

Altimeta ya ndege ni barometa iliyoandikwa mita au futi. Kanieneo ikishuka, altimeta huonyesha kwamba ndege imepanda. Kwetu kanieneo hushuka kila siku, tangu saa nne asubuhi hadi saa kumi alasiri, kwa hektopaskali 3 au 4. Na kila moja ni sawa na mita 8 hivi. Rubani aliyerekebisha altimeta asubuhi, kisha akatua Geita alasiri bila kuirekebisha upya, atajidhani yu juu zaidi ya alivyo kwa mita 25 au 30. Ndiyo maana marubani huuliza kanieneo ya wakati ule, iliyokokotolewa hadi usawa wa bahari, kabla ya kutua.

Rai yangu kwa walimu wenzangu: wanafunzi na wasome barometa asubuhi na alasiri kwa mwezi mzima, ndipo wafundishwe ile 760 ya pwani.