Lodge ya Kisiwani: Kadiri Ilivyo Mbali, Ndivyo Uwe Mgumu na Pesa Yako

Ukinunua kitu River Road, unakishika kwanza. Unakigeuza, unabishana bei, halafu ndio unatoa simu. Jina la till linatokea, unalisoma, unaweka PIN. Kikiwa kibovu, kesho unarudi na unamkuta mwenye duka palepale.

Lodge ya kisiwani haiko hivyo. Unalipia kitanda ambacho hujakiona, ng'ambo ya maji ambayo hujavuka. Hapo ndipo ungetarajia tuwe wakali zaidi, lakini wengi wetu tunafanya kinyume. Tunabishana juu ya shilingi 50 dukani, halafu tunatuma 10,000 kwa namba ya mtu binafsi kwa sababu picha za machweo ni nzuri.

Kuombwa malipo ya kwanza si utapeli. Chumbe, kisiwa kidogo karibu na Unguja ambacho matumbawe yake yamehifadhiwa tangu miaka ya 1990, kina nyumba 7 tu za wageni. Maji ni ya mvua, umeme ni wa jua, na pesa za wageni husaidia kulinda matumbawe na kufundisha watoto wa shule. Mahali kama hapo, mgeni mmoja asipotokea ni hasara. Hata kwetu Ziwa Victoria, kwenda Mfangano lazima uvuke kwa boti. Mwenye lodge ana haki ya kutaka uhakika kabla ya kukuandalia.

Shida ni kwamba tapeli naye analijua hilo. Uchache wa vyumba ndio silaha yake: "Kimebaki kimoja, tuma sasa hivi." Lodge ya kweli itakungojea dakika kumi uhakikishe.

Kwa hivyo, kabla ya kutuma:

- Tafuta namba ya lodge wewe mwenyewe, upige. Usitegemee ile uliyotumiwa kwa ujumbe.
- Dai till au paybill. Jina likitokea tofauti na la lodge, simama hapo, uulize.
- Kwa lodge ya Kenya, uliza leseni ya Tourism Regulatory Authority.
- Pata kwa maandishi: tarehe, jumla ya pesa, kama boti imo, na utarudishiwa nini ukighairi.
- Lipa sehemu tu. Nyingine utamalizia ukifika.

Kuna watakaosema wafanyabiashara wadogo hawana till. Ni kweli, na mwenye boti pale Mbita asinyimwe kazi kwa sababu hiyo. Yeye mlipe ukishashuka. Lakini lodge inayotoza maelfu kwa usiku mmoja haina sababu ya kupokea pesa kwa simu ya "meneja".

Na usijipe moyo kwamba pesa zitarudishwa. Huduma ya kurudisha pesa ni ya aliyekosea namba. Wewe hukukosea namba, uliamini mtu. Na mpokeaji akishazitoa kwa wakala, hata ukipiga ripoti mapema, hakuna kitu kwenye akaunti cha kukurudishia.

Visiwa hivi ni vyetu pia, si vya watalii wa ng'ambo peke yao. Mtu wa Kangemi aliyeweka akiba mwaka mzima anastahili kuamka akisikia ndege na mawimbi. Asikubali akiba hiyo imtoke kwa sababu ya haraka ya mtu mwingine.