Padri, Maalim na Mashairi ya Muyaka

Mwenzangu mmoja wa kazini, Mkristo kutoka milima ya Taita, alinijia siku moja na shairi la Muyaka bin Haji, akaniambia, "Maalim, hebu nieleze maana yake." Ubeti wa kwanza nilikwama, wa pili nikasingizia miwani. Mimi, mzaliwa wa Mji wa Kale, niliyekinyonya Kimvita, nashindwa na lugha ya babu zangu mbele ya mtu aliyejifunza Kiswahili darasani!

Aibu ile ndiyo iliyonifanya nitafute jinsi mashairi hayo yalivyotufikia. Muyaka alifariki yapata mwaka 1840, na mengi aliyoyatunga yakabaki vifuani mwa watu. Na vifua huzikwa. Aliyeyaokoa ni Mwalimu Sikujua bin Abdallah al-Batawi, mwanachuoni wa Mombasa, aliyeyakusanya kwa wazee wa mji. Mwenzake katika kazi hiyo alikuwa W. E. Taylor, padri wa Kiingereza aliyefika pwani katika miaka ya 1880. Kutokana na kazi yao W. Hichens alitoa diwani mwaka 1940, na Mohamed Abdulaziz akatoa kitabu chake juu ya Muyaka mwaka 1979.

Najua yatakayosemwa barazani: padri yule alikuja kututoa katika dini yetu. Ni kweli, wala sifichi. Lakini mwenye kutaka kuhubiri tu, maneno ya sokoni yangemtosha. Huyu alitafuta hata methali zetu, akazichapisha London mwaka 1891.

Mwenzangu aniambia dini yao yahimiza imani, tumaini na upendo. Nikamwuliza, ni upendo gani huo unaotaka kwanza nibadilike? Alinyamaza kidogo, kisha akasema swali hilo humsumbua hata yeye, kwani babu yake alipobatizwa aliambiwa aache ngoma za kwao na jina lake pia. Kumbe nao yaliwapata!

Kwa maoni yangu, kumpenda mtu wa mila nyingine si kupelekeana sahani za pilau siku za Idi na Krismasi (ingawa pilau siikatai). Ni kukubali kuwa mwanafunzi wake. Taylor, pamoja na yote, alikubali kufundishwa na Sikujua. Na sisi je? Surat Hujurat yatwambia tumeumbwa mataifa na makabila ili tujuane. Wangapi kati yetu tunajua japo hadithi moja ya Wagiriama, jirani zetu wa tangu na tangu? Tumezoea kuwaita majina ya dharau, tukidhani huo ndio uungwana.

Liniudhilo zaidi ni kuona jina la padri latajwa kwa heshima na la Sikujua lapitwa mbio. Imani yake haikumzuia kumfundisha asiye wa dini yake, wala hakuogopa kupotea kwa kufanya hivyo. Na tumaini lake lilikuwa kwetu sisi, ambao hatukuwa tumezaliwa.

Mwenzangu alirudi Ijumaa. Safari hii nilikuwa nimekwisha kwenda kwa ami yangu, tukakesha na ubeti ule. Maneno matatu magumu nilimweleza vizuri. La nne lilikuwa limetushinda, mimi na ami. Alilitazama, akacheka: kwao Taita bado linasemwa.