Neil Young Hakupotea Njia

Mwandishi aliyedai kwamba Neil Young alikwisha baada ya albamu ya Harvest ya 1972, na kwamba yote yaliyofuata ni kutangatanga, amechanganya soko na sanaa.

Kweli, Harvest iliongoza kwa mauzo Marekani mwaka ule. Lakini 1973, wenzake wawili, Danny Whitten na Bruce Berry, wakiwa wamekwisha kuuawa na dawa, Young alirekodi Tonight's the Night kwa sauti iliyokwaruzwa na msiba. Aliyetaka faida tu angerudia Harvest. Yeye alichagua kuomboleza hadharani.

Mwandishi anaibeza pia Trans, albamu ya miaka ya 1980 yenye sauti zilizopitishwa kwenye mitambo. Young ameeleza kwamba ilitokana na jitihada za kuwasiliana na mwanawe mwenye ulemavu, asiyeweza kuzungumza. Kusikiliza kazi hiyo bila kujua hilo ni kuhukumu kesi bila ushahidi. Mwaka 1983 kampuni yake ya kurekodi, Geffen, ilimshtaki kwa kutoa muziki usiofanana na wake. Madai ya mwandishi ni yale yale: msanii abaki alivyozoeleka.

Asingetangatanga, tusingepata Freedom ya 1989 wala Harvest Moon ya 1992, miaka 20 baada ya hicho kinachoitwa kilele. Mkongwe hupimwa kwa ujasiri wa kuendelea kutafuta. Kwa kipimo hicho, Young hana deni kwa mtu.