Ndege Mwenye Pete si Jasusi

Asimamaye ukingoni mwa Ziwa George pale Kahendero wakati wa asubuhi, mitumbwi inapoleta ngege na kambare nchi kavu, huona mara moja kwamba wavuvi hawako peke yao. Wari wanaelea karibu na mitumbwi kama wateja wenye subira. Minandi wamejipanga juu ya matawi makavu wakianika mabawa. Na kongoti, yule korongo mwenye kipara na mfuko shingoni ambaye watu wa Kampala humwita kaloli, anatembea baina ya mabanda ya samaki kwa madaha ya mkaguzi wa afya.

Wengi wa ndege hawa wana desturi moja: hutaga na kulea wana wao kwa pamoja, mamia au hata maelfu mahali pamoja. Wataalamu huwaita ndege wa koloni. Neno hilo lisimshtue msomaji. Koloni hili halina gavana wala kodi ya kichwa. Faida yake ni ulinzi, kwani macho mengi humwona adui mapema, kama zamu ya kambini. Hasara yake askari yeyote ataitambua upesi: kikosi kizima kikilala katika hema moja, pigo moja latosha.

Tuchukue mfano wa heroe. Karibu na Katwe, katika wilaya hii hii ya Kasese, kuna ziwa dogo la kreta liitwalo Munyanyange, ambako heroe wadogo huja kula, hasa kati ya Agosti na Novemba. Huja, wakala, wakaondoka; hawatagi pale. Heroe wadogo wa Afrika ya Mashariki huzaliana hasa katika Ziwa Natron, kaskazini mwa Tanzania, juu ya matope ya magadi yasiyokanyagika. Mwaka 1954 Leslie Brown, mtaalamu wa ndege aliyeishi Kenya, alijaribu kuyafikia matundu yale kwa miguu, na magadi yakamchoma miguu vibaya hata akalazwa hospitali. Mahali panapomtesa mtu namna hiyo ndipo panapomlinda kinda. Lakini ukiliharibu ziwa hilo moja, unavunja nyumba ya wageni wa maziwa mengi. Ndiyo sababu palizuka ubishi mkubwa kati ya mwaka 2006 na 2008, ulipokuwapo mpango wa kujenga kiwanda cha magadi Natron. Kampuni ya Tata iliyohusika ilijitoa mwaka 2008.

Basi, twajuaje ni nani aendaye wapi? Zamani watu wa Ulaya walipowaona ndege wametoweka wakati wa baridi, wengine walisema wamejizika katika matope ya maziwa. Mwaka 1822, karibu na Klütz huko Ujerumani, alipatikana korongo mweupe ambaye shingo yake ilikuwa imechomwa mkuki wa mti wa Afrika. Ndege yule alikuwa ameruka na mkuki ule mpaka kwao! Bado amehifadhiwa katika Chuo Kikuu cha Rostock. Hiyo ilikuwa barua ya kwanza iliyosomeka, ingawa iliandikwa kwa ukali.

Mwaka 1899 mwalimu mmoja wa Denmark, Hans Mortensen, alibuni njia ya upole zaidi: aliwavika ndege pete nyepesi za alumini, zenye namba na anwani. Namba ile ni kama namba ya askari. Haifanani na ya mwingine, na humtambulisha mwenyewe popote atakapoangukia. Upungufu wa pete ni kwamba husema mwanzo wa safari na mwisho wake tu, na hata hayo husema endapo mtu ataiokota na kuandika. Kwa hiyo siku hizi ndege wakubwa hufungwa mgongoni au mguuni chombo kidogo chenye kutumia nguvu ya jua, ambacho hupeleka habari za mahali alipo kwa njia ya setilaiti au mitambo ya simu. Kanuni inayofuatwa na wengi ni kwamba mzigo usizidi asilimia 3 ya uzito wa ndege. Kwa heroe mdogo wa kilo 2, hiyo ni gramu 60. Askari wa kilo 70 angebebeshwa mzigo wa kilo 2 na kidogo. Nadhani wengi wenu mngeomba uhamisho mkawe heroe.

Vyombo hivyo vimefunua mengi. Heroe wachache waliofungwa vyombo katika Ziwa Bogoria, Kenya, mwaka 2002, walionekana wakihamahama baina ya maziwa ya Kenya na Tanzania pasipo kujali mpaka. Shakwe wenye mgongo mweusi, wanaotaga katika visiwa vya Ufini, walifuatwa hadi Ziwa Viktoria, na wenzao wa kabila hilo huonekana kila mwaka pale Munyanyange. Hizo ni kilomita zaidi ya 6,000. Anayelinda kisiwa cha kutagia kule Ufini hajamaliza kazi, ikiwa hajui huku kwetu ndege wake wanakula nini na wanakufa kwa nini.

Hapa ndipo jambo hili linapoingia mikononi mwa askari na polisi. Mwaka 2013, mwezi wa Agosti, katika mkoa wa Qena huko Misri, mkazi mmoja alimwona korongo mwenye chombo mgongoni. Akamkamata, akampeleka kituo cha polisi kwa shaka ya ujasusi. Korongo akawekwa kizuizini! Madaktari wa mifugo wakaeleza kwamba kile si bomu wala si chombo cha kipelelezi. Ndege alikuwa amefungwa kifaa cha utafiti huko Hungaria. Aliachiliwa, lakini baada ya siku chache zikatoka habari kwamba amekwisha kuliwa.

Watu wengi walicheka. Mimi sikucheka sana. Watu wa Mpondwe na Bwera, walioona wanafunzi wa shule ya Lhubiriha wakiuawa usiku wa Juni 2023, hawahitaji mtu wa mbali awafundishe maana ya tahadhari mpakani. Askari aonaye kitu chenye waya juu ya kiumbe kitokacho ng'ambo ya mpaka ana haki ya kukishuku. Ila kushuku ni mwanzo wa uchunguzi, wala si hukumu. Kifaa cha ndege mara nyingi huandikwa namba na anwani; kisomwe kwanza.

Kahendero ni kijiji cha uvuvi kilichozungukwa na Hifadhi ya Taifa ya Queen Elizabeth, na Ziwa George limo katika orodha ya kimataifa ya ardhi oevu za Ramsar tangu mwaka 1988. Kwa hiyo askari wa hifadhi hawako mbali. Ukimkuta ndege hai mwenye pete au chombo, usimvue. Andika namba, herufi, rangi ya pete na mguu uliovikwa, tarehe na mahali, kisha uwape habari askari wa hifadhi. Akiwa amenaswa wavuni akafa, taja hivyo hivyo. Shakwe wa Ufini pete yake hutaja jina la makumbusho ya Helsinki, lakini huna haja ya kununua stempu. Mamlaka ya Wanyamapori au chama cha NatureUganda cha Kampala watajua pa kuipeleka namba hiyo.

Neno moja kwa maofisa. Mvuvi aliyenasa mnandi kwa bahati mbaya huogopa kushitakiwa, na hivyo huitupa pete majini. Afadhali anayepokea habari aulize namba kabla ya kuuliza kosa. Pete iliyozama ziwani haimfai mtu yeyote, na aliyeleta pete akafokewa hataleta ya pili.

Kwa akina mama wafugao kuku nyuma ya nyumba za kambi, kuna sababu nyingine ya kuzijua njia za ndege. Mwezi wa Januari 2017 buabua wahamiaji walikufa kwa wingi katika ghuba ya Lutembe, karibu na Entebbe, kwa homa ya mafua ya ndege. Kuku na bata wa huko Masaka nao waliambukizwa, na Kenya ikafunga mpaka wake kwa kuku wa Uganda. Waliokuwa wakiuza mayai wanakumbuka hasara ile. Basi ndege wa porini aliyekufa asiguswe kwa mikono mitupu, asipikwe, wala watoto wasimfanye mwanasesere, hata kama ana pete inayong'aa. Apewe habari daktari wa mifugo. Namba ya pete inaweza kusomwa kwa kumgeuza kwa kijiti.

Hesabu ya ndege wa majini nchini Uganda hufanywa mwezi wa Januari na wa Julai. Wahesabuji hutoka alfajiri, nao huhitaji macho yaliyozoea kukadiria makundi makubwa kwa mbali, kazi ambayo wasomaji wa gazeti hili wameifanya miaka mingi kwa shabaha nyingine.