Usukani Ukiwa Mzito, Sikilizaneni Kwanza

Mwezi huu tuweke pembeni kidogo mambo ya maua na chakula cha jioni, tuongelee kitu kinachogombanisha wapendanao kimya kimya: gari la nyumbani. Sizungumzii gari la ndoto. Nazungumzia ile Corolla au Carina ya miaka ya tisini mliyoinunua kwa akiba ya wawili, inayowapeleka kazini, sokoni na kwa wakwe.

Tuseme mnaishi Keza, wilayani Ngara. Bibie anafanya kazi Ngara mjini, hivyo yeye ndiye anaendesha siku zote tano. Bwana anashika usukani Jumapili tu. Jioni moja bibie anasema, "Baba watoto, usukani umekuwa mzito, halafu nikikata kona gari linalia." Bwana anajibu bila hata kuinua macho kwenye simu, "Mbona mimi sisikii kitu? Mikono yako tu hiyo."

Jamani! Ngara ni vilima na mabonde, na barabara ya lami inayokwenda Rusumo imejaa malori ya Rwanda. Ukutane na lori kwenye kona ya mteremko huku usukani unagoma, hapo hakuna cha mikono ya nani. Anayeendesha kila siku ndiye anayelijua gari. Mwamini.

Kinacholia ni nini?

Wazo la kusaidia usukani kwa presha ya oili ni la zamani. Mhandisi Mmarekani Francis Davis alilionyesha kwenye gari mwaka 1926, na Chrysler ndio walioanza kuliuza kwenye magari madogo mwaka 1951. Mpaka leo kazi ni ileile. Mkanda wa injini unazungusha puli ya pampu. Ndani ya pampu kuna rota yenye mifereji, na kila mfereji una kibamba chembamba cha chuma kinachotoka na kurudi. Vibamba vinazunguka ndani ya pete yenye tundu la umbo la yai. Nafasi ikipanuka inavuta oili, ikibana inaisukuma kwa presha kubwa mpaka kwenye raki ya usukani.

Sasa oili ikipungua, pampu inavuta hewa. Oili inafanya povu, na hapo ndipo unasikia ule mlio. Ukiupuuza, vibamba vinasugua pete bila ulainishi na kuichora. Yaani siku ya kwanza tatizo linaweza kuwa chupa moja ya oili. Miezi miwili baadaye ni pampu nzima.

Kabla ya kushika spana

Msikimbilie kufungua. Pimeni upepo wa matairi ya mbele, maana tairi lililolegea nalo linafanya usukani mzito. Angalieni kama mkanda umelegea au umechanika. Angalieni kiwango cha oili kwenye kikopo chake, kisha fuateni paipu zote kwa tochi. Kukiwa na unyevu wa oili nyuma ya puli, mara nyingi ni sili ya shafti. Oili ikitoka kwenye raki, hiyo ni kazi nyingine kabisa, mpelekee fundi.

Na kama gari lenu ni Prius au mojawapo ya magari madogo mengi ya miaka ya karibuni, huenda halina pampu kabisa, linasaidiwa na mota ya umeme. Hapo hakuna cha kufungua.

Jumamosi ya wawili

Mkishajua ni pampu, ulizeni seti ya sili na oringi za modeli yenu hasa. Kama Ngara hakuna, Kahama au Mwanza wanaweza kuipakia kwenye basi. Msianze kufungua kabla haijafika, gari lisije likalala juani wiki nzima huku mnatupiana lawama.

Injini iwe imepoa. Mkiinua gari, liwekeni kwenye stendi imara, si juu ya tofali wala jiwe. Nyonyeni oili, legezeni mkanda, fungueni paipu, toeni pampu. Puli isiyotoka msiipige nyundo, azimeni pula. Safisheni pampu kwa nje kwanza, ndipo muifungue juu ya kitambaa safi kisichotoa nyuzi.

Mmoja afungue, mwingine apige picha kila hatua. Huu si urembo. Pete ina upande wake, na vibamba vina ncha ya mviringo ambayo kwa kawaida inatazama nje, kwenye pete. Ukigeuza, pampu haitafanya kazi sawasawa.

Pitisha ukucha ndani ya pete. Ukikwama kwenye mchubuko, acheni. Sili mpya haiwezi kuponya chuma kilicholika, tafuteni pampu nyingine. Ikiwa laini, osheni vyuma, vikaushe, badilisheni sili na oringi zote. Mdomo wa sili ya shafti unatazama ndani, kwenye oili, na sili iingie ikiwa imenyooka. Pakeni kila kitu oili ileile mtakayotumia. Someni kitabu cha gari: Toyota nyingi za zamani zinatumia oili ya gia za otomatiki, ila Honda wana oili yao, na ukichanganya unaharibu sili ulizotoka kuzinunua.

Hatua isiyofaa mtu mmoja

Pampu ikirudi mahali pake, lazima hewa itoke. Matairi ya mbele yawe juu na injini imezimwa. Mmoja azungushe usukani taratibu kutoka mwisho mmoja hadi mwingine, mara nyingi, mwingine aangalie kikopo na kuongeza oili. Mapovu yakiisha, washeni injini na mrudie. Usibane usukani mwisho kwa zaidi ya sekunde chache, presha hupanda sana. Oili ikiwa na povu, zimeni mpumzike, mpige stori, mrudie tena.

Oili chafu iwekeni kwenye dumu mpeleke gereji, msiimwage shambani. Na kama mmoja wenu hana uhakika na hatua yoyote, iteni fundi aikague kabla gari halijaingia barabarani. Usukani si redio, ukikosea unaumiza watu.

Halafu ifike zamu ya kujaribu gari. Kaka yangu, najua mkono unawasha, lakini ufunguo mpe bibie. Yeye ndiye aliyesikia mlio wa kwanza, na yeye ndiye atakayeshuka nalo mteremko Jumatatu asubuhi. Akisema bado ni zito, msibishane, fungueni boneti tena.

Tukutane mwezi ujao.