Mwanamume wa Ukambani na Uvivu wa Wahakiki

Kuna mazoea yaliyokita mizizi katika uhakiki wa fasihi inayotoka Kitui na Makueni: mhusika wa kiume anapompiga mkewe, mhakiki hukimbilia neno "mila". Mume ni mkali, huambiwa msomaji, kwa kuwa babu zake walikuwa wapiganaji. Kisha ngano mbili tatu za mazimwi hutolewa ziwe ushahidi. Mhakiki hujiona ameueleza ukatili, ilhali ameupa tu cheti cha kuzaliwa cha kughushi.

Tarehe za kweli zapatikana, na si za kale. Krapf alipofika Kitui mwaka 1849, mtu mashuhuri aliyempokea alikuwa Kivui, mfanyabiashara wa pembe za ndovu ambaye heshima yake ilitokana na misafara na utajiri. Mishale ya sumu ilikuwepo, hakuna anayekana. Lakini sifa ya Wakamba kuwa "kabila la kivita" ilifinyangwa na wakoloni katika karne ya 20, kama alivyoonyesha mwanahistoria Timothy Parsons mwaka 1999. Mwaka 1938 serikali iliwanyang'anya watu ng'ombe kwa hoja ya kuhifadhi udongo. Muindi Mbingu akaongoza maelfu hadi Nairobi kudai mifugo yao, naye akahamishiwa Lamu kwa nguvu. Ng'ombe ndio mahari, na bila mahari kijana hawi mume. Vita vilipozuka mwaka 1939, mshahara wa askari ukawa njia mojawapo chache zilizobaki za kujipatia umume huo. Je, hiyo ndiyo silika ya babu?

Ushahidi wa pili umo nyumbani kwenyewe, nao wahakiki huutaja kama kioja tu, aghalabu katika tanbihi. Ni ndoa ya iweto. Mwanamke asiyejaliwa mtoto hutoa mahari na kuoa mwanamke mwenzake, na watoto wanaozaliwa huwa wa nyumba yake, wakarithi jina na ardhi. Anayeoa huishika nafasi ya mume bila kuwa mwanamume. Jamii hii, basi, ilikwisha kukiri kwamba umume ni cheo, tena kinachoweza kukaliwa na yeyote aliyetimiza masharti yake. Wala isidhaniwe kwamba iweto ni pepo ya wanawake. Aliyetolewa mahari anaweza kunyanyaswa na mwanamke aliyemwoa, na hapo yadhihirika kwamba ukatili huandamana na cheo, wala hautoki katika mwili.

Uvivu huohuo uliwahi kumpata David Maillu, mzaliwa wa Kilungu, Makueni. Katika After 4.30 (1974) anazungumza karani wa kike ambaye bosi wake anaitumia ajira yake kuutaka mwili wake. Hapana mila hapo, hapana zimwi. Pana ofisi ya mjini na mshahara wa mwisho wa mwezi. Wahakiki wengi walibishana kama kitabu ni matusi, na Tanzania ikavipiga marufuku vitabu vya mwandishi huyo mwaka 1976. Bosi mwenyewe akasahauliwa.

Atakayesema kwamba huu ni ugomvi wa maneno ya wasomi na aitazame Sheria ya Makosa ya Kingono ya mwaka 2006. Wakati wa mjadala wake Bungeni, "desturi za Kiafrika" zilitajwa na wabunge kwa mantiki ileile ya tasnifu zetu za fasihi, na sheria ilipopitishwa, kifungu cha 43 kiliwatoa wanandoa katika ulinzi wake. Neno "mila" lilikuwa limefanya kazi yake. Nayo tasnifu haiishii rafuni. Aliyeiandika atapangiwa shule Mwingi au Wote, afundishe riwaya na tamthilia. Na miongoni mwa wanafunzi wake atakuwamo mvulana aliyeacha mama yake nyumbani na jicho lililovimba, akisubiri kusikia mwalimu atamwelezaje mhusika anayepiga.