Jalada la Mabaki



Wapo wasemao kwamba kitabu cha nyimbo kilichojalidiwa kwa boksi kuukuu na vipande vya kitenge hakistahili kuingia kanisani. Mimi siafikiani nao.

Mwaka 1945, karibu na Nag Hammadi nchini Misri, wakulima walifukua vitabu vya kale vya mafunjo vyenye majalada ya ngozi. Mengi yaliyoandikwa humo Kanisa haliyapokei, lakini tutazame ufundi wake. Ili kuyakaza majalada, mafundi walibandika ndani yake mafunjo yaliyokwisha kutumika, zikiwamo barua na hati. Katika jalada moja, hati hizo zina tarehe za miaka 341 hadi 348. Kwa hizo wataalamu wanajua kwamba halikufungwa kabla ya mwaka 348. Mabaki yamekuwa shahidi.

Kitabu cha Injili kina hadhi yake ya pekee, nacho sikigusi. Lakini nyimbo na sala za Jumuiya zapata heshima katika uangalifu wa mkono ulioshona, si katika bei ya jalada. Basi, kabla ya kuyachoma maboksi, tuwaite watoto, tuwape sindano, uzi na gundi ya unga wa ngano. Atakayejifunza kutotupa karatasi hatakuwa mwepesi wa kumtupa mtu.

Dominika njema.